Somo la 16: Alasiri ya Kipupwe Bustanini

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza sehemu za mmea na kazi ya kila sehemu. Ulijifunza kwamba mizizi hufyonza maji ardhini, shina huyapeleka juu, na majani hutengeneza chakula cha mmea kwa kutumia mwanga wa jua. Sasa jiulize: mti usiokuwa na jani hata moja hupata wapi chakula? Je, mti huo u hai, au umekufa?

Swali hili halijibiki vema mtu akiwa ameketi darasani. Yafaa kutoka nje, na wakati mzuri kuliko wote wa kulichunguza ni kipupwe. Kipupwe ni majira ya baridi kidogo na ukavu. Katika sehemu nyingi za Tanzania majira haya huanza mwezi wa Juni na kuendelea hadi Agosti. Pepo za kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, mvua huwa zimekoma, na asubuhi watoto huonekana wakienda shuleni wamejikunyata. Huko Makete, kwenye milima mirefu ya kusini, sakitu huweza kutanda juu ya nyasi alfajiri. Dodoma, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi, hauna sakitu, lakini usiku wa Julai hali ya hewa huweza kushuka hadi karibu nyuzi 14 za Sentigredi.

Kabla ya kwenda bustanini

Kwanza tutazame kinacholeta kipupwe. Simika fimbo iliyonyooka uwanjani, mahali palipo sawa, ili mita moja kamili ya fimbo hiyo iwe juu ya ardhi. Kuanzia saa sita mchana hadi saa saba, pima urefu wa kivuli chake kila baada ya dakika kumi, nawe uandike vipimo hivyo katika daftari lako. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha wakati jua lilipofika kileleni.

Usistaajabu ukiona kwamba kivuli hicho hakikupatikana saa sita kamili. Saa za nchi nzima hufuata mwendo mmoja, lakini jua halifiki kileleni katika miji yote kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa Juni hufika kileleni Dar es Salaam karibu saa 6 na dakika 25, na Dodoma karibu saa 6 na dakika 40.

Tarehe 21 Juni, kivuli hicho kifupi cha fimbo ya mita moja huwa na urefu wa sentimita 57 hivi mjini Dodoma. Siku hiyo hiyo Mwanza huwa sentimita 49, na Songea sentimita 68. Katika miji yote mitatu kivuli huelekea kusini, kwa sababu jua liko upande wa kaskazini. Ukirudia kupima Dodoma tarehe 22 Desemba, utakuta kivuli cha sentimita 31 tu, tena kimegeuka kuelekea kaskazini.

Vipimo hivi vina maana gani? Washa tochi, uimulike kwenye karatasi ikiwa imeelekezwa wima. Utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Kisha iinamishe tochi. Duara litapanuka na mwanga wake utafifia, ingawa tochi ni ile ile. Ndivyo ilivyo katika mwezi wa Juni: miale ya jua hutufikia ikiwa imeinama zaidi, joto lile lile hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi la ardhi, na kwa hiyo ardhi haipati joto jingi kama la Desemba. Ongeza hapo upepo wa kusi utokao pande zilizo na baridi, nawe umekipata kipupwe.

Miti miwili iliyotiwa alama

Wanafunzi wa darasa la tano wa shule moja ya Dodoma walikwenda katika bustani ya mji siku moja ya Julai, saa tisa alasiri. Walichukua kipimajoto, rula, kamba ya kupimia, daftari na penseli. Mwalimu aliwaagiza wasiseme lolote kwa dakika tano za kwanza, bali watazame na kusikiliza tu. Agizo hilo si rahisi kulitimiza, lakini mtu anayezungumza husikia sauti yake mwenyewe kuliko ya ndege.

Mtunza bustani, mzee aliyefanya kazi hapo kwa miaka mingi, aliwakaribisha. Aliwaonyesha mkrismasi mmoja mkubwa uliokuwa karibu na lango. Haukuwa na jani hata moja. Maganda yake meusi, marefu na bapa, yalining'inia matawini na kugongana kwa upepo. Shina lilikuwa limetiwa alama ya chokaa.

"Wajukuu zangu," alisema mzee, "huu utakatwa Jumatatu. Umekauka, na watu wasije wakaangukiwa na matawi."

"Na ule je, babu?" aliuliza mwanafunzi mmoja, akionyesha mwembe mdogo ulio karibu na ukuta. Mwembe huo ulijaa majani, lakini yote yalikuwa ya rangi ya kahawia.

"Ule tutauacha. Una majani bado. Nitaumwagilia maji, huenda ukarudi."

Mwalimu aliwauliza wanafunzi kama wanakubaliana na babu. Wengi walikubali. Nawe, mwanafunzi usomaye, usiendelee kwanza. Andika jibu lako katika daftari: ni mti upi ulio hai, nawe unajuaje?

Kazi ya kuangusha majani

Wanafunzi waliinama chini ya mkrismasi, wakaokota matawi madogo yaliyoanguka na kuyalinganisha na matawi ya chini waliyoweza kuyafikia. Kwenye kitawi kilichokuwa bado mtini waliona alama ndogo, kila moja mahali palipokuwa na jani. Alama hizo zilikuwa laini na zimezibika, mfano wa kovu la kidonda kilichopona. Juu ya kila kovu palikuwa na kivimbe kidogo kigumu. Hicho ni kichipukizi, yaani jani au tawi la mvua zijazo likiwa bado limefungwa.

Kisha walikwenda kwenye mwembe wenye majani ya kahawia. Walivuta jani moja. Halikutoka kwa wepesi. Lilipong'oka liliacha mpasuko na nyuzi za ganda. Hapakuwa na kovu.

Tofauti hii ndiyo jambo kubwa katika somo letu. Watu wengi hudhani kwamba majani huanguka kwa sababu mti umeishiwa nguvu. Sivyo. Kuangusha majani ni kazi, na kazi hufanywa na kitu kilicho hai. Majira ya ukavu yanapokaribia, mti huanza kurudisha shinani vitu vyenye manufaa vilivyomo katika jani. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani, huvunjwavunjwa, na jani hugeuka kuwa la manjano. Kisha, pale shina la jani linapoungana na tawi, mti hutengeneza tabaka jembamba la seli linalolitenga jani. Kidonda huzibwa kabla jani halijaanguka, ili maji yasivuje wala vijidudu visiingie. Baada ya hapo upepo mdogo tu hutosha kuliangusha.

Mti uliokufa ghafla hauwezi kuifanya kazi hiyo. Majani yake hukauka yakiwa yameshikamana na matawi, na hubaki hapo hadi upepo uyang'oe kwa nguvu. Unaweza kuliona jambo hili nyumbani. Tazama tawi lililokatwa wakati wa mvua likatumika kuziba mwanya wa ua: majani yake hukauka, lakini hayaachi tawi.

Sasa wanafunzi walitafuta sababu ya kufa kwa mwembe. Hawakutafuta sana. Hatua mbili kutoka shinani ulipita mtaro uliochimbwa mwezi wa Machi kwa ajili ya bomba la maji, na ncha za mizizi iliyokatwa zilionekana wazi kwenye udongo. Upande wa pili ukuta ulikuwa umeizuia mizizi kuenea. Maji ambayo babu alikusudia kuumwagilia yangelowesha udongo tu.

Kukwaruza ganda

Lakini mwanasayansi haridhiki na dalili moja. Mwalimu aliwaruhusu wanafunzi wachache wakwaruze ganda la vitawi vya mkrismasi kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Chini ya ganda la kahawia la kitawi kilicho hai huwa na tabaka la kijani lenye unyevu. Kitawi kilichokufa huwa cha kahawia mpaka ndani, nacho hukatika kwa sauti kavu badala ya kupindika.

Mwanafunzi wa kwanza alikwaruza, akatangaza: "Kahawia! Umekufa!"

Babu alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo. Mwanafunzi wa pili alikwaruza tawi la upande mwingine, akakuta kijani kibichi. Ubishi ukazuka, kila mmoja akionyesha kitawi chake. Wote wawili walikuwa wameona kweli. Mwalimu aliwagawa katika makundi, kila kundi likapewa tawi lake kubwa kulichunguza kwa ngazi ya babu, naye babu akiishikilia. Matawi makubwa yalikuwa saba. Sita yalikuwa na kijani kila yalipokwaruzwa. Moja, lile lililoelekea barabarani, lilikuwa limekufa lote, na mchwa walikwisha kujenga njia zao za udongo juu yake.

Hivyo babu naye alikuwa na sehemu ya haki: tawi lile lingeweza kumwangukia mpita njia. Walikubaliana kwamba Jumatatu likatwe tawi moja, na mti ubaki. Babu alisema atangoja hadi Novemba. Usipotoa majani, atachukua shoka, na mtu asimlaumu.

Kwa nini mti huacha majani?

Kila jani lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, yaitwayo stomata. Hewa huingia na kutoka kwa matundu hayo, na mvuke wa maji hutoka humo pia. Unaweza kuyaona maji hayo. Chukua chupa angavu yenye mdomo mpana, ingiza ndani yake ncha ya tawi lenye majani mabichi bila kulikata, ziba mdomo kwa pamba, uifunge chupa kwa kamba isianguke. (Mifuko ya plastiki iliyokuwa ikitumika zamani kwa jaribio hili imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2019.) Fanya hivyo hivyo kwa tawi lisilo na majani. Baada ya saa mbili juani, tazama kuta za ndani za chupa zote mbili.

Dodoma mvua hunyesha hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba karibu hainyeshi kabisa. Mti wenye majani mengi mapana ungepoteza maji kila siku bila kuyapata mengine. Baadhi ya miti huepuka hasara hiyo kwa kuacha majani na kupumzika.

Mbuyu ni fundi wa jambo hili. Katika kipupwe husimama mtupu, matunda yake yakining'inia kama mifuko midogo, na mgeni huweza kudhani umepinduliwa, mizizi juu. Shina lake nene limehifadhi maji mengi. Tena, chini ya ngozi yake ya kijivu lina tabaka la kijani ambalo huendelea kutengeneza chakula kidogo hata wakati majani hayapo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu la kwanza: mti usio na majani huishi kwa akiba iliyowekwa katika shina na mizizi, na baadhi ya miti huongeza kidogo kwa ganda lake lenye umbijani.

Si miti yote inayofuata njia hiyo. Mwembe wenye afya hauachi majani yake yote kwa pamoja. Katikati ya bustani ulikuwapo mmoja mkubwa, majani yake mazito yaking'aa, na kwenye ncha za matawi ulikwisha kutoa vishada vya maua madogo ya rangi ya manjano hafifu. Baridi ya kipupwe ndiyo huuamsha mwembe utoe maua. Maembe tutakayokula mwisho wa mwaka yalianza alasiri kama ile, watu wakiwa wamevaa masweta.

Nchi za Ulaya zina majira ya baridi kali kuliko yetu, nayo huja wakati sisi tuna joto. Mjini London, katika mwezi wa Desemba, jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri, na miti mingi ya bustanini haina majani. Huko pia mti huacha majani kwa kuhifadhi maji, kwani mizizi hufyonza maji kwa shida katika udongo wenye baridi kali, na mwanga wa kutengenezea chakula ni haba. Sisi tuna ukavu, wao wana baridi. Miti imejibu kwa njia moja.

Wanyama wa bustanini

Saa kumi kasoro robo wingu lilifunika jua kwa muda. Mjusi mkubwa aliyekuwa ametanda juu ya jiwe aliingia katika ufa. Jua liliporudi, alitoka tena, akajilaza ubavu mzima ukielekea kwenye mwanga. Mjusi hana uwezo wa kutengeneza joto la kutosha mwilini mwake kama wewe. Huliazima kutoka kwa jua na mawe. Ndiyo sababu asubuhi ya kipupwe huwa mzito wa kukimbia, na mchana huwezi kumkaribia.

Ndege hufanya vingine. Tetere watatu walikaa juu ya waya, wamefura hata wakaonekana wanene. Hawakuwa wanene. Walikuwa wamesimamisha manyoya yao ili hewa inaswe kati yake, na hewa iliyonaswa huzuia joto la mwili lisipotee upesi. Lijaribu hili darasani: jaza maji vuguvugu katika chupa mbili zinazolingana, ifunge moja kwa pamba nyingi, na upime joto la maji ya kila chupa baada ya kila dakika kumi.

Kuna ndege ambao wanafunzi hawakuwaona, na hilo nalo liliandikwa daftarini. Mbayuwayu wanaozaliana Ulaya huja Afrika kuanzia Septemba na kurudi kwao Machi au Aprili. Baadhi yao husafiri mpaka Afrika Kusini. Wanapokimbia baridi ya kwao, hasa wanakimbia njaa, maana wadudu warukao, ambao ndio chakula chao, hutoweka. Mwezi wa Julai wako Ulaya wakilea makinda.

Chini ya ukuta, penye mchanga mkavu usiofikiwa na mvua, palikuwa na vishimo vingi vidogo vya duara, kila kimoja kikiwa na umbo la mrija wa kumiminia mafuta. Kila kishimo ni mtego. Ndani yake, chini ya mchanga, hujificha mdudu mdogo mwenye taya kubwa. Sisimizi anayepita ukingoni huteleza. Mdudu humrushia mchanga hadi anapoanguka chini, kisha humkamata. Mdudu huyo ni lava. Akikua atapata mabawa marefu membamba, afanane kidogo na kereng'ende. Wanafunzi walikaa hapo muda mrefu kuliko mwalimu alivyopanga, na kivuli cha fimbo ya mita moja kilikwisha kupita mita moja na nusu walipoitwa kuondoka.

Mwezi wa Novemba walirudi. Babu aliwangoja langoni, hakusema neno, aliinua tu mkono wake kuelekea juu. Kwenye matawi sita vichipukizi vilikuwa vimefunguka, na majani mapya, membamba kama manyoya, yalianza kutoa kivuli chepesi. Karibu na ukuta mwembe wa kahawia ulikuwa umekwisha kuondolewa. Mahali pake babu alikuwa amechimba shimo jipya, mbali na mtaro.

Maswali na kazi

1. Linganisha jibu uliloandika kabla ya kusoma "Kazi ya kuangusha majani" na maelezo ya somo. Kama ulikosea, ni dalili gani iliyokupoteza?

2. Mwanafunzi wa kwanza aliona rangi ya kahawia, naye alisema kweli. Kosa lake lilikuwa lipi?

3. Simika fimbo ya mita moja shuleni kwenu, upime kivuli kifupi kuliko vyote katika wiki hii. Je, shule yenu iko kaskazini au kusini ya Dodoma? Kivuli chenu kinalingana na jibu lako?

4. Mti uliokufa miaka miwili iliyopita huwa hauna majani, kwa kuwa upepo umekwisha kuyang'oa. Utautofautishaje na mti ulio hai uliopumzika? Taja dalili tatu.

5. Kwa nini mwembe mkubwa wa katikati ya bustani haukuhitaji kuacha majani yake, ingawa mvua zilikuwa zimekoma? Fikiri juu ya mizizi yake, na ikiwezekana umwulize mtu anayetunza miembe.

6. Chagua mti mmoja usio na majani karibu na nyumbani kwenu. Chora kitawi chake kimoja, uonyeshe makovu na vichipukizi. Andika tarehe. Utazame mti huo mara moja kila wiki hadi mvua zitakapoanza, na kila mara uandike ulichokiona, hata kama hakuna kilichobadilika.